Kikundi cha Ukoo wa Bibi Mwanaidi: koki ya jikoni kwa Mama, Makorora, Tanga

Zuhura: Asalaam aleykum. Shikamooni wakubwa. Koki ya sinki kwa Mama yavuja usiku kucha, nimeamua tununue mpya. Jana nilipita Ngamiani nikapiga picha hizi mbili. Ipi?

Zuhura: (picha) (picha)

Mwanahamisi: Ya pili! Ile yenye kichwa cha kuvuta. Nzuri mno.

Hemedi: Ya pili. Hata mie ningeichukua hiyo.

Mama: Mie nataka sufuria la pilau liingie chini yake. Rangi chagueni wenyewe.

Bamkubwa Sefu: Waaleykum salaam. Marahaba wanangu. Zuhura, kabla hujatoa pesa, niambie tangi la Mama liko juu kiasi gani. Pima kutoka chini ya tangi hadi usawa wa mdomo wa koki. Tangi lenyewe ni la lita ngapi, hilo usijisumbue nalo.

Zuhura: Bamkubwa, si tangi likiwa kubwa ndiyo maji yanakuja kwa nguvu?

Bamkubwa Sefu: Hapana. Nguvu ya maji hutokana na kimo. Tangi la lita 1,000 na la lita 5,000, maji yakiwa usawa mmoja, presha ni ileile. Kubwa litakaa siku nyingi bila kuisha, basi. Kila mita 10 za kimo ni ba 1 (ba, au "bar", ni kipimo cha presha), yaani mita moja ni sehemu ya kumi ya ba.

Zuhura: Nimepima kwa futi ya fundi seremala. Mita 2 na kidogo.

Bamkubwa Sefu: Basi Mama ana ba 0.2. Tangi likijaa inafika 0.3 hivi. Sasa angalia boksi la ile ya pili, waliandika nini?

Zuhura: Ngoja nikuze picha... "0.5 – 5 bar".

Bamkubwa Sefu: Umeona, inataka angalau ba 0.5. Haijatengenezewa tangi la kwenye stendi ya mita tatu. Maji yatatoka, lakini yatachuruzika. Na kile kichwa cha kuvuta kina hozi ndefu nyembamba ndani, na matundu madogo mdomoni. Kila palipo pembamba presha inapungua, na Mama hana presha ya kupunguza.

Mwanahamisi: Na ile ya kwanza?

Bamkubwa Sefu: Ni miksa, ya maji moto na baridi. Maji moto pale jikoni yatoka wapi?

Mama: Hakuna. Nachemsha jikoni.

Bamkubwa Sefu: Basi mtanunua upande mmoja wa kuziba. Na miksa nyingi hukaa juu ya vihozi viwili vya kusuka, tundu lake la ndani ni dogo kuliko bomba la nusu inchi tulilopitisha ukutani.

Hemedi: Kwa nini tusiweke pampu tu? Pampu ndogo pale chini ya tangi, halafu Mama achague koki yoyote.

Bamkubwa Sefu: Inawezekana, Hemedi, na ziko nyumba nimezifungia. Lakini hapo umeongeza kifaa kinachokula LUKU kila Mama akiosha kikombe, na umeme ukikatika anarudi palepale na koki isiyomfaa. Pampu ina kazi yake kwenye nyumba yenye bafu la juu. Kwa sinki moja la chini, siipendekezi. Na tafadhali, yeyote humu asifunge pampu ya kuvuta moja kwa moja kwenye laini ya mtaa. Unawanyima majirani, na bomba likiwa na tundu mahali unavuta na uchafu wa nje.

Shangazi Tatu: Samahanini, hitima ni Ijumaa baada ya Laasiri. Nani analeta majamvi?

Mwanahamisi: Mie, Shangazi.

Bamkubwa Sefu: Zuhura, chukua ndoo ya lita 10. Fungua koki hiyo ya zamani mpaka mwisho, uhesabu kwa simu. Kisha funga koki ya chini ya sinki, fungua kihozi pale kinapoungana na koki ya juu, kiingize kwenye ndoo, ufungulie tena chini. Uniletee namba zote mbili.

Zuhura: Ya kwanza karibu dakika 2. Ya pili sekunde 50!!

Bamkubwa Sefu: Vizuri sana. Sekunde 50 ni lita 12 kwa dakika. Bomba la Mama ni zima, koki ndiyo inayokaba. Fungua kile kichujio cha mdomoni, kinazunguka kwa mkono.

Zuhura: (picha) Ina mchanga na vigamba vyeupe.

Bamkubwa Sefu: Ni kawaida. Maji yetu yatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi. Yanasafishwa, lakini bomba likipasuka barabarani likaungwa, mchanga huingia njiani. Mwingine umekaa chini ya tangi. Kilowekeni kichujio kwenye siki usiku mmoja. Hata koki mpya mtaifanyia hivyo kila baada ya muda, wengi hawajui na wanaishia kununua nyingine.

Rajabu: Bamkubwa, mie Chumbageni sina tangi, laini moja kwa moja. Usiku maji yanapiga kelele ukutani, kihozi kilipasuka mwezi uliopita. Nami ninunue ya presha ndogo?

Bamkubwa Sefu: Wewe shida yako ni kinyume, Rajabu. Usiku watu wamelala, matumizi yanashuka, presha inapanda. Tazama namba ya juu kwenye boksi, nyingi zinakomea 5. Nitakuja na kipimo tukipachike kwenye koki ya nje usiku. Ikizidi hapo tunafunga valvu ya kupunguza presha pale bomba linapoingia nyumbani.

Mwanahamisi: Na kwa Mama je?

Bamkubwa Sefu: Kwa Mama tafuteni koki ya baridi peke yake, nusu inchi, shingo ndefu ya kuzunguka, tundu pana ndani. Wakiwa na ya washa ya mpira, ile ya kuzungusha mara kadhaa, chukua hiyo. Ya robo mzunguko, ile inayofunguka yote kwa kuizungusha robo tu, ina visahani vya kauri, na mchanga ukiingia unavikwaruza. Washa ya mpira ikichakaa unabadilisha washa tu, kwa pesa ndogo. Ukifika dukani inyanyue: shaba ni nzito. Nyepesi iliyopakwa rangi ya kung'aa, hewa ya chumvi ya hapa itaimaliza. Chungulia ndani yake, ukiona tundu limebanwa na kiplastiki, mwambie muuzaji akutolee nyingine.

Mama: Na sufuria langu?

Bamkubwa Sefu: Shingo iwe na sentimita 25 kutoka sinki hadi mdomo. Zuhura, pima sufuria kwanza.

Zuhura: Kimo chake sentimita 22. Linaingia.

Bamkubwa Sefu: Basi nenda na futi mkononi. Jumamosi asubuhi nitakuja kufunga, nunua na tepu nyeupe mbili. Ijumaa usiku msijaze tangi, nataka kwanza tulioshe chini.

Mama: Mchana mtakula hapa.