Enyi "washauri wa madeni" wa Kampala, acheni kuwachuna watu waliokwisha kuchunwa!

Jamani, hili limezidi. Vikaratasi kwenye nguzo za umeme, ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp: "tunanunua deni lako", "tunafuta jina CRB kwa siku tatu" (CRB ni ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu), "tunasimamisha mnada". Ni wizi. Mtu aliyebanwa na deni hana muda wa kusoma sheria, na hawa wanalijua hilo vizuri sana.

CRB kwanza. Hakuna wakala wa mtaani anayefuta jina la mtu humo. Taarifa hupelekwa na benki au taasisi iliyokukopesha, na ndiyo inayotakiwa kuirekebisha. Kama ulimaliza kulipa na bado unaonekana unadaiwa, iandikie benki barua, ambatisha risiti ya mwisho, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu ya Uganda. Laki mbili anazotaka wakala hazina kazi yoyote hapo.

"Kununua deni" ndiko kunakoumiza zaidi, hasa walimu na askari. Katika mkopo wa mshahara wa miaka minne, marejesho ya mwanzo hubeba riba nyingi kuliko ya mwishoni. Ukishalipa miaka miwili, sehemu nzito ya riba umeshaivuka. Anakuja wakala, anakuchukulia mkopo mpya unaofunga ule wa zamani, na saa inaanza upya: riba upya, ada ya kushughulikia mkopo upya, bima upya, na kamisheni yake juu. Kabla ya kusaini chochote, dai kwa mkopeshaji wako barua ya salio la kufunga mkopo, kisha dai kwa huyo mpya ratiba nzima ya marejesho. Uliza kama riba ni bapa (inahesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho) au ya salio linalopungua (inahesabiwa kwa deni lililobaki tu). Milioni 3 kwa mwaka mmoja, asilimia 2.5 kwa mwezi: kwa riba bapa unalipa riba 900,000, kwa salio linalopungua ni kama 510,000. Asilimia ni ileile, tofauti karibu laki nne!

Na mara nyingi huyo "mnunuzi" ni mkopeshaji binafsi tu. Leseni yake inatolewa na UMRA, mamlaka ya serikali inayosimamia wakopeshaji wadogo, na inaisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo usitazame fremu nzuri ukutani, tazama mwaka ulioandikwa ndani. Tangu 2024 kiwango cha juu kwa wakopeshaji hawa ni asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 28,000 kwa kila milioni. Anayekutoza 200,000 kwa mwezi kwa milioni hiyo anavunja sheria mchana kweupe. Akitaka kadi ya ATM na namba ya siri, au kitambulisho cha taifa kama dhamana, kanuni za 2018 zinamkataza kabisa.

Kibaya kuliko vyote ni hiki: unaomba mkopo, unaletewa mkataba wa KUUZA kibanja (kipande chako cha ardhi) au gari. Chini yake kuna fomu ya kuhamisha umiliki, haijajazwa kitu, imebanwa na picha zako mbili za paspoti, na mahali pako pa sahihi pamewekwa alama ya X kwa kalamu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anagonga muhuri. Ukichelewa siku moja, wanasema uliuza. Usisaini mauzo kwa ajili ya mkopo, hata mtu akiapa.

Mnada wa nyumba au shamba lililowekwa rehani hausimamishwi kwa "kuongea na mtu". Sheria ya Rehani ya 2009 inampa mdaiwa notisi ya siku 45 za kazi arekebishe, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Hesabu hizo siku kwanza, wakopeshaji wengi huzirukia. Kama ni nyumba ya familia na mwenzi hakuridhia kwa maandishi, mweleze wakili siku hiyohiyo. Mahakama ikiahirisha mnada, inaweza kukutaka uweke asilimia 30 ya deni lililobaki au ya thamani ya mali ikiuzwa kwa lazima, kwa hiyo anayekuambia laki tano zinatosha anakudanganya.

Polisi nao si wakusanya madeni. Deni ni kesi ya madai. Kifungo cha madai kipo, hadi miezi 6, lakini ni mahakama inayoamuru, baada ya hukumu.

Msaada wa kweli upo. Sheria ya Ufilisi ya 2011 inamruhusu mtu binafsi kupanga malipo na wadai wake wote kwa pamoja chini ya ulinzi wa mahakama, akisimamiwa na mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa. Mwulize huyo "mshauri" usajili wake, kisha kauhakiki kwa Msimamizi Rasmi (Official Receiver) pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Kwa msaada wa kisheria usio wa kulipia, nenda Chama cha Mawakili cha Uganda, Justice Centres, au FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa akina mama.

Na mliokwisha kutoa pesa kwa hawa matapeli: mahakama ya madai madogo inasikiliza hadi shilingi milioni 10, bila wakili. Pelekeni risiti ya mobile money na ule ujumbe wa WhatsApp. Wenye mikataba ya aina hii, ziba majina na namba, weka picha hapa chini tuipitie kifungu kwa kifungu.