Pampu ya maji kwenye gari la kulala: ya dayaframu au ya kuzamisha?

Kutoka Leeds:

Wapendwa, habari za huko. Mimi na mzee wangu tunageuza vani yetu iwe gari la kulala, na mwakani tunaisafirisha ikae Nakuru. Tumekwama kwenye pampu ya maji. Fundi wa huku anatushauri tuchukue ya lita 20 kwa dakika. Mliotangulia mnasemaje?

Kutoka Nakuru:

Dada, ya lita 20 achana nayo. Pampu kubwa haikuongezei maji, inamaliza haraka yale uliyobeba. Tuseme tangi lenu ni la lita 100: hizo ni kilo 100 ambazo injini itazipandisha hadi Mau Summit mkielekea Kisumu. Ukioga dakika tano kwa pampu ya lita 7, zimekwenda 35. Kwa hiyo ya fundi wenu, tangi limekauka.

Chukueni ya dayaframu, ile inayosukuma maji kwa utando wa mpira, volti 12, lita 7 hivi kwa dakika, yenye swichi ya presha. Ukifungua mfereji inawaka, ukifunga inazima. Inajivutia maji yenyewe, kwa hiyo yaweza kukaa juu ya tangi, na maji yakiisha ghafla haiungui papo hapo. Ya kuzamisha, ile inayokaa ndani ya maji, ni bei nafuu lakini ikizunguka kavu hufa upesi.

Betri isiwatie hofu. Pampu hiyo hula ampea 5 hivi. Kutoa lita 20 ni dakika tatu tu, yaani robo ya ampea-saa. Friji ndiyo ya kupigiwa hesabu.

Kinachopuuzwa sana ni kitangi kidogo cha presha kinachofungwa baada ya pampu. Bila hicho, ukifungua mfereji kidogo usiku unawe mikono, pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, tak-tak-tak, na mtoto ameamka. Kitangi kina hewa inayosukuma akiba ndogo ya maji, basi mfereji unatiririka vizuri na swichi haichoki. Pampu yenyewe ikalie raba, na nusu mita ya kwanza kila upande iwe mpira laini, maana paipu ngumu hupeleka kelele mpaka kwenye mbao za kitanda. Kabla ya pampu wekeni chujio linalofunguka kwa mkono. Punje ya mchanga ikikwama kwenye valvu, pampu hunguruma bila kuvuta kitu.

Swichi kuu iwe karibu na mlango, na mkianza safari izimwe. Kiungo kikiachia kwenye barabara mbovu, presha hushuka, pampu inawaka na kumwaga tangi lote sakafuni nanyi mko mbioni.

Halafu kuna jambo la huku kwetu: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, wala chujio la kawaida la kaboni. Maji ya tangi yawe ya kuoga na kuosha vyombo. Ya kunywa bebeni kando.

Kutoka Kisumu:

Nakubaliana na ndugu wa Nakuru, ila ya kuzamisha asiitupe. Sisi tuna jerikeni mbili za lita 20 zenye mdomo mpana, moja ya maji safi na moja ya machafu, na pampu ndogo ndani ya ile safi. Unaisugua kwa mkono mpaka chini, jambo ambalo tangi halikuruhusu. Pampu ikikataa, tunainamisha jerikeni. Kwa wanaolala nje siku mbili tatu, yatosha. Ila msijaze ziwani, hata maji ya Dunga yakionekana masafi. Kichocho kipo.

Kutoka Leeds:

Asanteni sana. Basi ni ya dayaframu, maana sisi tutazunguka wiki nzima nzima. Na gari likikaa miezi bila sisi?

Kutoka Nakuru:

Mwageni yote. Fungueni mifereji, washeni pampu mpaka itoe hewa, kisha kifuniko cha tangi kiachwe wazi pakauke. Huku hakuna barafu ya kupasua pampu kama huko, lakini maji yaliyolala kwenye joto hufanya utelezi. Mkirudi, tieni Jik kidogo isiyo na manukato, ilale humo usiku mmoja, msuuze mpaka harufu ikate.

Pampu ya akiba njooni nayo. Zile bomba za betri za kunyunyizia dawa shambani hutumia pampu ndogo ya dayaframu ya volti 12, na kuna fundi atakayetaka kuwafungia moja. Iliyowahi kupitisha dawa msiikubali kabisa.