Kutenga histoni: asidi au chumvi nyingi?

Kromatini: Ninakusudia kutenga histoni (protini ambazo DNA hujiviringisha juu yake) kutoka seli zilizokuzwa maabara ili nipime asetili, yaani alama za kikemikali, za H3 na H4, ambazo ni aina mbili za histoni, kwa kingamwili, kisha sampuli hizo hizo zipimwe kwa spektrometa ya masi. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie njia ya asidi na ile ya chumvi nyingi.

Laisini: Kwa lengo hilo, ndugu, chagua asidi. Histoni zimejaa laisini na arginini, asidi amino zenye chaji chanya, kwa hiyo huyeyuka katika asidi ya salfuriki ya 0.4 N, ilhali DNA na protini nyingi nyingine za kiini hutuama. Tenga viini kwanza, viloweke katika asidi hiyo kwa nyuzi 4 za Selsiasi kwa angalau dakika 30, vizungushe kwenye sentrifuji, kisha tuamisha histoni zilizo katika kimiminika cha juu kwa asidi ya trikloroasetiki na uzisuuze kwa asetoni baridi. Usuuzaji huu usifanywe kwa haraka: asidi ikibaki, mashapo huyeyuka kwa shida, na rangi ya buluu ya bafa ya kupakia jeli (inayotenganisha protini kwa ukubwa) hugeuka njano.

Fosfati: Kwa asetili nakubali. Hata hivyo, fosfati, alama nyingine ya histoni, ikishikana na asidi amino ya histidini huvunjika katika asidi, na anayeichunguza hana budi kutumia chumvi. NaCl ya 2.5 M hulegeza mshikamano wa histoni na DNA bila kuiharibu alama hiyo, ingawa baadaye chumvi yenyewe lazima iondolewe, kwa kuwa huvuruga jeli na spektrometa pia. Fosfati ya serini (asidi amino) iliyo nafasi ya 10 kwenye H3 hustahimili asidi, kwa hiyo isikutie hofu.

Kiini: Naona jambo zito zaidi halijaguswa. Vimeng'enya vinavyoondoa asetili haviachi kazi kwa sababu tu seli imepasuliwa. Weka butireti ya sodiamu, inayovizuia, katika kila bafa tangu hatua ya kwanza, pamoja na vizuizi vya protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini), la sivyo utapima mabaki ya alama zilizokuwapo, hata ukichagua njia gani.

Kromatini: Ahsanteni. Nitatumia asidi pamoja na butireti. Je, nitathibitishaje usafi kabla ya kutumia kingamwili?

Laisini: Pitisha kiasi kidogo kwenye jeli ya asilimia 15 na uipake rangi ya Coomassie. H4 hushuka chini kabisa, H2A, H2B na H3 hukaribiana juu yake, na H1 hubaki juu zaidi.