Boti za wanafunzi Monaco: haidrojeni ina tija au tubaki na betri?

Mleta mada: Wakuu, kwenye Monaco Energy Boat Challenge, mashindano ya boti zisizotumia mafuta, timu za daraja la Energy hupewa mwili uleule wa katamarani (boti ya viunzi viwili), kisha kila timu hujitengenezea chumba cha rubani na mtambo wa kuisukuma. Naona haidrojeni pale ni kupoteza fedha za wadhamini. Tuseme mota inahitaji kWh 10. Betri ya lithiamu yenye Wh 160 kwa kilo itakuwa na kilo 63 hivi, na chaja itavuta kWh 11 au 12. Seli za haidrojeni, zinazogeuza gesi kuwa umeme, zenye ufanisi wa asilimia 50 zinataka gesi kilo 0.6, na kuizalisha kwa kuchanganua maji kwa umeme kunakula kWh 33, kabla hujaigandamiza. Umeme mara tatu kwa safari ileile!

Fundi Mitambo: Mkuu, umeishia kwenye kWh 10. Nenda kWh 100: betri kilo 625, gesi kilo 6 tu. Hata tangi la mgandamizo wa bar 350 likiwa zito mara ishirini ya gesi iliyomo, ni kilo 120. Ongeza seli, pampu na redieta, bado umeokoa uzito mkubwa. Ndiyo maana wanafunzi wa TU Delft, Uholanzi, waliotokea kwenye boti za sola, wakaenda kwenye haidrojeni. Boti yao hunyanyuka juu ya mabawa ya chini ya maji, na pale kila kilo inahesabika.

Mkemia: Uzito si tatizo pekee. Hewa ya bahari ina chumvi. Bila kichujio kizuri, sodiamu ya chumvi hiyo huingia kwenye utando wa seli unaopitisha protoni na kuchukua nafasi yake, kloridi nayo hushambulia platinamu inayochochea mmenyuko. Nguvu hushuka taratibu, watu wanalaumu mota. Halafu gesi hii hushika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na hupanda juu. Kihisi cha gesi kifungwe chini ya dari, si sakafuni, na kizime mtambo gesi ikifika asilimia 1.

Mleta mada: Kwa kWh 100 nakubali. Ila seli haziwezi kufuata mota inapopandishwa ghafla, hivyo betri ya kusaidia haikwepeki. Timu ambayo bado inawasha kontakta kuu (swichi kubwa ya betri) bila kuchaji kwanza taratibu kapasita za kidhibiti mota kupitia rezista, ncha za swichi zikayeyuka na kugandana, isikabidhiwe tangi la bar 350. Wathibitishe kwanza betri yao.

Fundi Mitambo: Hapo tunatofautiana. Timu hubadilika karibu kila mwaka. Ukisubiri wakomae kwenye betri, watahitimu kabla hawajagusa vali. Waanze na mtambo mdogo nchi kavu, wajaribu uvujaji kwa heliamu, kisha wakaguzi waamue kama boti iingie majini.