Picha za kauboi: mbona ng'ombe hawaonekani?

Machunga wa Bahi:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ninalo tangu utotoni, naomba wapenda picha na wafugaji mnisaidie.

Nimekulia Bahi. Karibu na stesheni kulikuwa na kibanda cha video, kuta za udongo, jenereta inaunguruma nje, na ukikosa kiingilio unapeleka mayai mawili. Jumapili ilikuwa siku ya kauboi. Steringi anaingia mjini peke yake juu ya farasi, kofia imemfunika macho, watu wanafunga madirisha, na sisi watoto tumenyamaza kimya mpaka bastola ya kwanza ilie. Nilizipenda picha zile na bado nazipenda. Lakini siku sita za wiki mimi nilikuwa nyuma ya ng'ombe wa mjomba, na siku ya saba namtazama mtu ambaye jina lenyewe maana yake ni kijana wa ng'ombe, wala sioni hata ndama. Nani anawanywesha? Nani analala nao usiku?

Mwaka 1994 mjomba alinichukua kuswaga ng'ombe 37 kwenda mnada wa Kizota. Siku tatu kwa miguu, maana ukimkimbiza ng'ombe anafika mifupa mitupu na dalali anakupa bei ya mifupa. Kila jioni mjomba alifukia sufuria yetu mchangani, mfuniko akauviringisha kwenye shuka, ndipo akalala. Sikumuuliza kwa nini. Usiku wa pili upepo uligeuka ukaleta harufu ya fisi. Sikusikia fisi akilia. Nilichosikia ni ardhi kutetemeka chini ya ubavu wangu, halafu miiba ya boma ikivunjika. Mjomba hakuwakimbilia wala hakupiga kelele. Alisimama gizani akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo ule ule aliowaimbia kule nyumbani wakinywa maji, na mmoja baada ya mwingine wakapunguza mbio. Alfajiri tulihesabu 35. Mmoja tulimpata kwa mlio wa kengele yake ya shingoni. Mwingine alikuwa amevunjika mguu ndani ya korongo, tukamchinja pale pale, na mjomba hakusema neno mpaka Kizota.

Ujira wangu ulikuwa shati na katambuga mpya. Nikavaa vyote viwili siku hiyo hiyo.

Sasa nauliza: ipo picha ya kauboi inayoonyesha kazi hii? Na makauboi wenyewe kule Marekani waliishi hivi, au walikuwa watu wa bastola tu?

Fundi Redio, Kondoa:

Machunga, pole kwa yule wa korongoni. Mimi kipenzi changu ni *The Good, the Bad and the Ugly* ya 1966. Lile jangwa unaloliona wala si Marekani. Sergio Leone alikuwa Mwitaliano na alipigia picha yake Hispania. Pale mwishoni makaburini, watu watatu wamesimama wanatazamana, muziki wa Ennio Morricone unapanda taratibu, mimi naweka chini kila kitu nilicho nacho mkononi. Ila ng'ombe humo usitafute.

Wewe tafuta *Red River* ya 1948, ya Howard Hawks, steringi John Wayne. Ni safari ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kuwauza kaskazini. Na hao wawili walikuja mpaka kwetu Tanganyika wakatengeneza *Hatari!*, iliyotoka 1962, humo Wayne anakamata wanyama pori akiwa juu ya gari, upande wa Arusha.

Bwana Mifugo, Mpwapwa:

Ndugu yangu Machunga, kauboi wa kweli alikuwa machunga wa kuajiriwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, Texas imejaa ng'ombe wa pembe ndefu wasio na bei, na miji ya kaskazini inataka nyama. Reli ilikuwa imefika Abilene, Kansas, na kuanzia 1867 pakawa na soko la mifugo pale. Basi ng'ombe wakatembezwa kutoka Texas, zaidi ya kilomita 1,000. Kundi moja lilikuwa na ng'ombe 2,000 mpaka 3,000, vijana kumi au kumi na wawili, mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Mshahara dola 30 au 40 kwa mwezi. Farasi walichoka kuliko watu, kwa hiyo kila kijana alikuwa na kadhaa wa kubadilisha, na kwa kawaida walikuwa mali ya tajiri.

Usiku walilinda kwa zamu, wakizunguka kundi huku wanaimba taratibu. Nimesoma ulivyoandika juu ya mjomba wako nikajikuta natabasamu peke yangu ofisini. Waliogopa kitu kile kile, ng'ombe kukurupuka. Kuangushwa na farasi, kuzama mtoni na radi ndivyo vilivyowamaliza, kuliko risasi. Miji kama Dodge City ilipiga marufuku kutembea na bastola mjini.

Jambo jingine ambalo picha za zamani zililificha: wanahistoria wanakadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na wengine wengi walikuwa Wameksiko, ambao ndio waliokuwa na kazi hiyo kwanza, kamba ya kitanzi na yote. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, akawa kauboi, na 1907 akachapisha habari za maisha yake mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikalijua jina hilo, na liliniuma, kwa sababu sisi tuliokaa kwenye vile vibanda tungefurahi kumwona.

Sasa naingia kwenye fani yangu, mnivumilie. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima, lakini walikopita, ng'ombe wa wakulima wa Missouri na Kansas walipata homa, wakakojoa damu, wakafa. Wakulima wakasimama njiani na bunduki kuzuia makundi. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne wakaonyesha kwamba anayeubeba ugonjwa ule ni kupe. Wale wa Texas walikuwa wameuzoea tangu ndama. Kila ninapombembeleza mfugaji alete mifugo joshoni, akanijibu "mbona wangu wazima," nawakumbuka ng'ombe wale.

Kazi ile ya njia ndefu ilidumu kama miaka 20. Seng'enge aliyoiandikishia hataza Joseph Glidden mwaka 1874 ilifunga malisho, na reli ikaingia Texas yenyewe. Kama malori ya Fuso yalivyowapokonya waswagaji wetu safari za mnada wa Pugu, Dar es Salaam.

Mama Lishe wa Msalato:

Kaka zangu, mimi kila Jumamosi niko mnadani Msalato na masufuria yangu, kwa hiyo nauliza la kwangu. Hao vijana kumi na wawili nani aliwapikia? Kwenye picha naona kahawa na pombe tu.

Bwana Mifugo, Mpwapwa:

Dada, walikuwa na mpishi na gari lake la farasi. Charles Goodnight ndiye aliyelitengeneza mwaka 1866, nyuma kuna kabati la droo na ubao unaoshushwa kuwa meza. Maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, mikate, kahawa nzito. Mpishi alilipwa kuliko vijana wa kawaida na hakuna aliyethubutu kumjibu vibaya. Kabla ya kulala alielekeza mti wa kuvutia gari kwenye nyota ya kaskazini, ili asubuhi, hata mbingu ikiwa na mawingu, wajue pa kwenda.

Machunga wa Bahi:

Wakuu, nimerudi. Ahsanteni sana, Bwana Mifugo nawe Fundi. *Red River* nimeipata, na jana nikaipeleka Bahi nikaiangalia na mjomba kwenye kompyuta ya mwanangu. Mjomba macho hayaoni vizuri na Kiingereza hajui, nikawa namtafsiria kwa Kigogo.

Kuna mahali kijana mmoja anaiba sukari usiku kwenye gari la mpishi, masufuria yaliyotundikwa yanaanguka, na kundi lote linakurupuka, mtu anakanyagwa anakufa. Mjomba alinishika mkono kabla hata sijamtafsiria. Akasema, "Wametundika sufuria. Na ng'ombe wamelala pale." Akarudia mara mbili. Miaka yote hii, ndipo nikaelewa kwa nini ile yetu alikuwa anaifukia.

Tulipomaliza hakuzungumzia bastola wala ugomvi wa steringi na kijana wake. Aliniomba nirudishe pale wanapovusha ng'ombe mto. Akasogeza kiti mpaka karibu kabisa na kioo, akawa anawahesabu kwa kidole.