Mawimbi yamejaa lakini intaneti haipatikani: Wi-Fi ya ukumbi wa jamii hukwama kila alasiri

Msimamizi wa Ukumbi:

Wanajukwaa, salaam. Nasimamia ukumbi wa jamii wenye chumba cha kusomea, ambamo tumeweka Wi-Fi ya bure isiyo na nywila. Mtumiaji hupitishwa kwanza kwenye ukurasa wa masharti, akikubali ndipo hufunguliwa intaneti. Tuna ruta moja inayopokea laini ya mtoa huduma, swichi moja ya kugawanya kebo za mtandao, na vifaa viwili vya kurusha mawimbi, kimoja kwenye dari ya ukumbi na kingine katika chumba cha kusomea.

Asubuhi mambo huwa shwari. Kuanzia alasiri, hasa siku za mikutano, wanaofika huona alama ya mawimbi imejaa, lakini simu hubaki ikiandika kwamba inatafuta anwani ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, hadi inaacha yenyewe, ilhali waliofika tangu asubuhi huendelea na shughuli zao bila shida yoyote. Tukizima ruta na kuiwasha, hali hutengemaa kwa muda kisha tatizo hurudi. Mtoa huduma ameikagua laini na kusema ni nzima, nami nilipochomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo nilipata kasi ile ile tunayolipia. Wapo pia wanaolalamika kwamba ukurasa wa masharti haujitokezi kabisa.

Linaloniumiza ni kwamba wengi wanaofika alasiri ni wanafunzi na watu wanaotuma maombi ya kazi, ambao hawana njia nyingine ya kupata intaneti siku hiyo. Nianzie wapi, na je, dawa yake ni kununua kifaa cha tatu cha kurusha mawimbi?

Fundi Mitandao:

Ndugu Msimamizi, usinunue chochote kwa sasa. Maelezo yako yana dalili moja yenye thamani kubwa: aliyetangulia anaendelea, anayefika anakwama. Laini ingekuwa imezidiwa, wote wangelalamika kwa pamoja, wa asubuhi na wa alasiri. Hali hii inaelekea kwenye upungufu wa anwani, na alama ya mawimbi haihusiki, kwa sababu inaonyesha tu kwamba simu inakisikia kifaa cha darini.

Kila simu inayojiunga huomba anwani ya IP kutoka kwa ruta kwa utaratibu wa DHCP, na ruta huikodisha kwa muda maalumu. Mtandao wa kawaida wa 192.168.1.0/24 (namba ya baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa mtandao; ikipungua, anwani huongezeka) una anwani 254 zinazoweza kutumika, na ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeruhusiwa kugawa sehemu tu ya hizo, yaani fungu la kugawa, kwa muda ambao mara nyingi ni saa 24. Maana yake ni kwamba mtu aliyepita asubuhi kwa dakika tano, simu ikajiunga yenyewe akiwa bado mlangoni, anaondoka na anwani inayohesabiwa kuwa yake hadi kesho. Ongeza hapo kwamba tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya iPhone ya mwaka 2020, simu huficha anwani yake halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, na kutumia ya kubuni, ambayo katika hali fulani hubadilika. Kwa hiyo simu ile ile yaweza kurudi ikahesabiwa kuwa mgeni mpya na kupewa anwani ya pili.

Kuzima na kuwasha husaidia kwa sababu ruta nyingi hazihifadhi orodha ya ukodishaji umeme unapokatika. Ruta huamka ikidhani anwani zote ziko huru, ilhali baadhi bado zimo mikononi mwa watu, na hapo huzuka hatari nyingine ya vifaa viwili kutumia anwani moja. Ndiyo maana nakusihi uache kuitumia njia hiyo kama tiba ya kila siku.

Thibitisha kabla ya kubadilisha. Tatizo likianza, ingia kwenye ruta na ufungue ukurasa wa anwani zilizokodishwa, ulinganishe idadi yake na ukubwa wa fungu lililotengwa. Kisha chukua kompyuta mpakato iliyoshindwa kuingia, utazame anwani yake: ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu. Ukikuta anwani ya fungu usilolijua kabisa, hilo ni jambo jingine. Huenda mtu amechomeka ruta ya nyumbani kwenye tundu la ukutani nayo ikaanza kugawa anwani zake.

Ikithibitika kwamba fungu limejaa, punguza muda wa ukodishaji uwe saa moja. Aliyeketi hatakatwa, kwani kwa kawaida kifaa huomba kuongezewa muda kikifika nusu ya kipindi, yaani baada ya dakika thelathini, bila mtumiaji kujua. Baada ya hapo panua mtandao kutoka /24 hadi /22, upate anwani 1,022, ukikumbuka kuongeza pia mipaka ya fungu la kugawa na kurekebisha swichi na vifaa vya mawimbi ikiwa vina anwani zilizoandikwa kwa mkono.

Mhudumu wa Maktaba:

Nakubaliana na Fundi kuhusu anwani. Niongezee kuhusu ukurasa wa masharti, kwa kuwa hilo ni tatizo la pekee na halitaondoka kwa kupanua fungu.

Simu ikijiunga, hujaribu kimyakimya kufungua anwani ya majaribio isiyo na usimbaji: iPhone huuliza captive.apple.com, na Android nyingi huuliza connectivitycheck.gstatic.com zikitarajia jibu la namba 204, yaani jibu tupu. Ruta inatakiwa kulikatiza jaribio hilo na kurudisha ukurasa wenu. Simu ikiona jibu si lile ililolitarajia, hufungua ukurasa huo yenyewe. Sasa, mara nyingi msimamizi huziongeza tovuti hizo katika orodha ya zinazoruhusiwa kabla ya mtu kukubali masharti, kwa nia njema kabisa, na matokeo yake simu huamini kwamba intaneti iko wazi na haimwonyeshi mtumiaji chochote. Kagua orodha hiyo kwanza.

Mtu akianza kwa kufungua tovuti ya https, yaani yenye usimbaji, ruta haiwezi kumhamishia kwenye ukurasa wenu bila kivinjari kutoa onyo la cheti, yaani kwamba utambulisho wa tovuti hauaminiki. Tafadhali msiwafundishe watu kulipuuza onyo hilo, kwa sababu siku watakayokutana na mtandao wa mwizi watalipuuza vilevile. Bandikeni ukutani maelekezo ya kufungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa mahususi isitumie https. Anayetumia VPN (njia ya siri ya kupitishia mawasiliano), au aliyeweka seva maalumu ya DNS ya faragha (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) kwenye Android, itambidi aizime kwa muda hadi akubali masharti.

Kwa maoni yangu, kama ukurasa huo hauna kazi zaidi ya kuonyesha masharti, yaandikeni mlangoni na muuondoe. Kila kizuizi kati ya mgeni na huduma kina watu wanaokwama hapo, na wanaokwama kwa kawaida ni wale wasio na ujuzi wa kujitatulia. Jambo ambalo msiliondoe kamwe ni utenganisho wa watumiaji, ule unaozuia simu moja kuifikia nyingine ndani ya mtandao. Na kompyuta za ofisi ziwe kwenye mtandao wake zenyewe.

Mtaalamu wa Masafa:

Kuhusu kifaa cha tatu: kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Vifaa vinavyotumia chaneli moja hungojeana zamu kama wazungumzaji katika mkutano, hivyo kuongeza kifaa kwenye chaneli ambayo tayari imejaa kunarefusha foleni ya zamu. Kiweke cha ukumbini kwenye 1 na cha chumba cha kusomea kwenye 6 au 11, kulingana na majirani wanachotumia, upana wa chaneli ubaki MHz 20, na simu zinazoweza zihimizwe kutumia 5 GHz. Zima pia kasi za zamani za megabiti 1, 2, 5.5 na 11 kwa sekunde, maana simu iliyo mbali inayojikongoja kwa megabiti 1 hula muda wa hewani wa wote.

Msimamizi wa Ukumbi:

Nawashukuru kwa dhati. Fungu la ruta lilikuwa la anwani 100, na alasiri ya mkutano nilizikuta zote zimekodishwa, nyingi kwa simu ambazo hazikuwamo tena ukumbini. Kompyuta mpakato ya mwanafunzi mmoja ilionyesha 169.254 kama ilivyoelezwa. Nimeweka saa moja na kupanua hadi /22, na mkutano uliofuata ulipita bila ruta kuguswa. Zile tovuti za majaribio kweli zilikuwa katika orodha ya zilizoruhusiwa; nimeziondoa, na ukurasa sasa unajitokeza. Kuuondoa kabisa kunahitaji ridhaa ya kamati, nami nitaipelekea hoja hiyo. Je, fungu likiwa kubwa hivi, kuna haja ya kuendelea na muda mfupi wa saa moja?

Fundi Mitandao:

Endelea nao. Muda mfupi unaifanya orodha ikaribiane na watu waliomo ukumbini, nawe ukiitazama utajua hali halisi. Usiushushe hadi dakika chache, kwani maombi ya kuongezewa muda yataongezeka bila faida. Jambo moja la haraka: hifadhi nakala ya mipangilio ya sasa nje ya ruta, na uandike tarehe na ulichobadilisha, ili atakayepokea zamu yako asilazimike kuanza upya.

Mtaalamu wa Masafa:

Chaneli umezikagua?

Msimamizi wa Ukumbi:

Vyote viwili vilikuwa kwenye 6. Cha ukumbini nimekihamishia 1, na kasi za zamani nimezizima.