Naomba ushauri: mtoto ana malaria, safari ni Ijumaa

Habari zenu ndugu. Mtoto wa miaka mitano, kilo 18, amepimwa hapa Mtwara na kukutwa na malaria. Alianza dawa ya mseto Jumanne saa 1 jioni: vidonge viwili kila dozi, ya pili baada ya saa 8, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12. Ya sita, ya mwisho, inaangukia Ijumaa saa 1 asubuhi, na ndege ya Dar ni mchana uleule, usiku tunaunganisha kwenda Paris. Anameza pamoja na maziwa, kwani dawa hii hufyonzwa vizuri kukiwa na mafuta.

Shida ni bima. Tuliyo nayo ni ya viza ya Schengen, euro 30,000, matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Kuahirisha safari ni kipengele kingine, na kwenye karatasi zetu sikioni. Kukikata leo hakusaidii, mtoto keshaugua.

Naombeni mnaozijua bima mnisaidie:

Homa ikirudi kule, watasema ni ugonjwa uliokuwepo kabla? Nitoe taarifa sasa kwa maandishi, au nikishafika?

Tukiahirisha, cheti cha daktari kiandikwe nini zaidi ya tarehe ya kipimo na "hafai kusafiri"? Shirika la ndege nitalijulisha kabla ya muda wa kuripoti, maana asiyetokea bila taarifa mara nyingi hupoteza nauli. Je, wanahamisha tiketi za familia nzima au ya mgonjwa tu?